Orodha Iliyogandishwa kwa Uji

Tulipomzika bwana shamba Didas kule Namanyere, mwezi uliopita, mama mmoja alinishika mkono kwenye foleni ya kunawa, akanitazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokuwa wanapakua wali: "Si wewe yule binti wa karatasi?" Nina wajukuu wawili na magoti yanayolalamika kila nikipanda basi, lakini bado kuna watu Ufipa wanaoniita binti wa karatasi. Nilicheka, msibani pale pale, na yule mama naye akacheka, akaninawisha yeye mwenyewe kwa jagi. Tukala pamoja tukimsema marehemu vizuri, kwa sababu alistahili kusemwa vizuri. Niliporudi kwenye gari nikajikuta natafakari: asubuhi nzima nilikuwa nimemlilia Didas, na chini ya kilio kile kulikuwa na kitu kingine, nafuu ya zamani, ile ile iliyonishukia nikiwa na miaka ishirini. Watu huandika sana habari za huzuni zao. Mimi nimeona niandike nafuu yangu moja, kabla nami sijaanza kusahau nani alisema nini.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Milanzi, mjini Sumbawanga, nyumbani kwa Mama Fortunata, ambaye ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa ofisi niliyofanyia kazi. Kwa hiyo sikuwa na pa kujificha: mchana bosi, jioni mwenye nyumba. Chumba changu kilitazamana na jiko lake, na mlango wa jiko haukufungwa kwa sababu ya moshi, basi nilijua kila kilichopikwa na kila kilichosemwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi iliingia kwa chini ya mlango, nikajifunza kulala na sweta na soksi, na kuamshwa na harufu ya uji wa ulezi. Jioni tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mzito, kwa maharage au kwa dagaa waliopanda na basi kutoka ziwani. Mama Fortunata aligawa dagaa kwa macho makali kiasi kwamba mume wake, mwalimu mpole wa shule ya msingi, alikuwa akinikonyeza kila nikiongezewa mmoja. Hakuwa mchoyo. Alichukia tu kuona kitu kinapotea bure, kiwe kuni, chumvi, muda au maneno. Siku hizi nikiona sahani zilizojaa zikimwagwa kwenye sherehe, ni sauti yake ninayoisikia, na mara nyingi nakubaliana nayo.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, karibu na soko. Mradi wetu, ambao ulikwisha zamani na sina haja ya kuutaja, uliwapatia wakulima mbolea kwa bei iliyopunguzwa, na kazi yangu ilikuwa kuingiza majina yao kwenye kompyuta. Mashine ikianza kusaga meza ilitetemeka, na vumbi la unga likatua juu ya kila kitu, kwa hiyo kila jioni tuliivalisha kompyuta kitambaa cha kudarizi alichotoa Mama Fortunata sebuleni kwake. Mtu wa tatu ofisini alikuwa Didas. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya besi iliyotegemewa na kwaya nzima ya parokia, na aliingia ofisini kwa kuimba, akatoka kwa kuimba. Alizunguka vijijini na pikipiki ya mradi akiandikisha wakulima, akaniletea majina yameandikwa kwa mkono, mimi nikayaingiza na kuyachapa, kisha yeye akairudisha orodha kijijini. Bila orodha iliyochapwa na kugongwa mhuri wa kijiji, wakala wa mbolea hakutoa hata mfuko mmoja ghalani. "Dada Leokadia," aliniambia wiki ya kwanza akinikabidhi madaftari, "humu kuna akina Oresto wa kutosha kufungua shule. Watenganishe wasipigane." Huko kwetu mapadri walibatiza kwa kalenda ya watakatifu, na kalenda ile ile ilizunguka kila mwaka.

Programu ya kuhifadhia majina ililetwa na kijana kutoka Dar es Salaam, aliyetufundisha asubuhi moja, akalalamikia baridi, akaondoka na basi la kesho yake. Kwenye kioo orodha ilikuwa nzuri kweli kweli: namba, jina, kitongoji, ukubwa wa shamba, mifuko ya mbolea ya kupandia, mifuko ya kukuzia, na mwisho nafasi ya saini, vyote vimekaa katika mstari mmoja. Nilipobonyeza kuchapa kwa mara ya kwanza, printa ikaanza kutema karatasi na haikunyamaza. Orodha ilikuwa pana kuliko karatasi, basi mashine ikaikata ilivyotaka yenyewe. Rundo la kwanza likawa na majina na vitongoji, rundo la pili mifuko isiyo na wenyewe, rundo la tatu visanduku vitupu vya saini, ukurasa baada ya ukurasa. Na kwa kuwa kichwa cha orodha kilitokea kwenye ukurasa wa mwanzo tu, ukishafika wa pili hukujua kama ile mbili uliyoiona ni ekari mbili au ni mifuko miwili. Mama Fortunata alilichukua rundo la tatu, akalipekua taratibu mpaka mwisho, akaniuliza, "Leokadia mwanangu, mbolea hii tutampa nani? Hivi visanduku?" Didas alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mimi nilikuwa karibu kulia, maana tulikuwa tumemaliza karatasi ambazo zilitakiwa zitufikishe mwisho wa mwezi.

Nilihangaika na jambo hilo siku kadhaa, na leo ninapomwona mjukuu wangu akichapa kazi zake za shule kwa kugusa simu namwonea wivu kidogo. Niliilaza karatasi ubavu. Nikapunguza herufi mpaka zikawa ndogo. Nikabana nafasi kati ya jina na kitongoji, kati ya kitongoji na shamba, mpaka siku moja mchana mstari mzima wa mtu mmoja ukaingia kwenye karatasi moja, jina lake na mifuko yake na saini yake, nikapiga kelele watu wa mashine wakaja kuangalia kama nimepigwa na umeme. Ila karatasi ikilazwa inabeba mistari michache, na kurasa zikawa nyingi. Nilitaka kichwa kijirudie kila ukurasa, Mama Fortunata akakataa. "Kichwa kimoja kinatosha. Mtu anavaa kofia ngapi?" Nafasi nyeupe ya chini ya ukurasa nayo alitaka iondoke. "Hatununui karatasi ili tuchape weupe," alisema. Nikaishusha mistari mpaka ikagusa karibu na ukingo kabisa. Nafasi ya juu programu haikukubali kuipunguza, ikabaki kama upana wa vidole viwili. Kurasa zikapungua, Mama Fortunata akaridhika, na jioni ile nikapakuliwa dagaa bila kutazamwa.

Sasa lazima nieleze jambo la kijiji kimoja, njia ya kwenda Namanyere, ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake bado wanataniwa mpaka leo. Zamani, kabla ya mradi wetu, waliwahi kuchomekewa karatasi. Orodha ya watu wa kupewa mahindi ya msaada ilitoka ofisi ya kijiji ikiwa sawa, na ilipofika kwenye kugawa ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi katikati, wenye majina ambayo hakuna aliyeyajua. Tangu hapo mwenyekiti wao, Mzee Sabas, akaweka utaratibu. Waraka wowote wenye kurasa nyingi ukifika, mke wake alikoroga uji mzito wa ulezi, na Mzee Sabas, mbele ya wajumbe, akapaka uji nyuma ya ukurasa wa pili, kwenye ukingo wa juu, akaulaza juu ya mwisho wa ukurasa wa kwanza, kisha wa tatu juu ya wa pili, hivyo hivyo mpaka ikawa karatasi moja ndefu ya kukunjwa kama mkeka. Uji ukishakauka aligonga mhuri wa kijiji juu ya kila kiungo, nusu ya mhuri ukurasa huu na nusu ukurasa ule. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kubandua. Kubandua kiungo chenye mhuri kulihesabiwa sawa na kuvunja mlango wa ofisi ya kijiji. Didas alinisimulia habari hiyo kama kichekesho, mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Nilidhani ni akili nzuri, na bado nadhani hivyo.

Mwezi wa kumi, mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa na watu wamekwisha kuandaa matuta, pikipiki ya Didas ilirudi mapema na hakuna wimbo uliosikika. Alikaa, akavua kofia yake, akatuambia kwamba kule kijijini kuna watu hawapo kwenye orodha. Watu aliowaandikisha kwa mkono wake. Mmoja wao alikuwa Kulwa, mama wa Kisukuma ambaye yeye na mume wake walikuja na ng'ombe miaka michache nyuma, wakafungua shamba la mahindi pembeni ya kijiji. Kulwa alikuwa amefika ghalani na toroli la kuazima. Wakala akashusha kidole kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, akashusha tena, akamwambia, "Mama, haupo." Na si yeye tu. Namba zilikuwa zinaruka: yupo wa mbele yake, yupo wa nyuma yake, katikati hakuna mtu. Niliwasha kompyuta. Kulwa yupo. Wote wapo. Nikachapa orodha mpya, nao wakawepo kwenye karatasi pia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu kama kompyuta inawajua na karatasi yangu inawajua, basi wamepotelea njiani, na njiani alikuwa Didas peke yake.

Didas aliipeleka ile orodha mpya. Mzee Sabas akakataa kuigonga mhuri. "Hii ni nzuri," alisema, "lakini na ile ilikuja ikiwa nzuri. Kwanza tujue nani alikata watu, ndipo tupokee nyingine." Siwezi kumlaumu, mtu aliyewahi kuumwa na nyoka hushtuka hata akiguswa na ung'ongo. Lakini kijiji hakikukaa kimya kusubiri. Kila aliyekosekana akapatiwa sababu yake. Katekista hayupo kwa kuwa aliwahi kumkemea Didas kwa kuchelewa misa. Mjane wa karibu na kisima hayupo kwa kuwa bwana shamba alimtaka, akakataliwa. Mwenye duka hayupo kwa kuwa alimkopesha Didas petroli na hakulipwa. Kulwa hayupo kwa kuwa ni mgeni, na wageni ndio huanza kukatwa. Hakuna hata moja lililokuwa kweli, ila kila moja liliingia akilini vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nimeishi kutosha kujua kwamba mwanadamu anaweza kuvumilia ubaya, lakini jambo lililotokea tu lenyewe, bila mtu nyuma yake, hawezi kulivumilia hata kidogo. Atamtafuta mtu mpaka ampate.

Didas akaacha kuimba. Aliacha kwenda mazoezi ya kwaya, akasema koo linamsumbua. Asubuhi alisema "habari za kazi," jioni akasema "haya, kesho," na katikati alikaa akifuta pikipiki iliyokwisha kuwa safi. Mimi nilimwamini, na nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama, jambo ambalo bila shaka yeye alilisoma vingine. Nyumbani Milanzi, kupitia mlango wa jiko, nilimsikia Mama Fortunata akimwambia mume wake kwamba wakubwa wa mradi wamempigia simu. "Wanataka aondoke kabla mvua haijaanza. Wanasema kijiji kikikataa mbolea, mradi mzima unachafuka." Mwalimu akauliza, "Wewe unaamini alikata watu?" Kijiko kiligongana na sufuria. "Mimi naamini nini, mume wangu? Ningekuwa na kitu cha kuonyesha ningeonyesha. Sina." Usiku ule ugali ulinishinda, nikasema tumbo linauma. Mama Fortunata hakunigombeza kwa kubakiza.

Ijumaa alinikalisha mbele ya kompyuta, akafunga mlango, akanisomea barua ya kumwachisha Didas kazi, nami nikaichapa kwenye kioo neno kwa neno. Sijawahi kuandika kitu kilichonichoma vile. Sentensi zilikuwa za kiofisi, zimenyooka, hazikumwita mwizi popote, lakini ukimaliza kuzisoma ulijua kwamba mtu huyu hatapata kazi tena mahali watu wanapojuana, na Rukwa nzima watu wanajuana. "Usiitoe kwenye karatasi," aliniambia. "Kesho kuna mkutano kijijini. Nenda naye, beba orodha mpya, ukaeleze kompyuta inavyosema. Mkirudi mikono mitupu, utaitoa." Nikamuuliza, "Mama, na tusiporudi mikono mitupu?" Akanifungulia mlango. "Nenda mwanangu, uvae koti."

Basi Jumamosi nilipanda nyuma ya pikipiki ya mtu ambaye barua yake ya kufukuzwa kazi nilikuwa nimeiandika mwenyewe, nikamshika koti, na upepo wa uwanda ukanipiga masikio njia nzima. Tulipokaribia, Didas akageuza shingo kidogo: "Leokadia, wakikuuliza, wewe sema unachokijua tu. Usinitetee." Nikaitikia ndiyo, nikafurahi kwamba hawezi kuniona uso. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ghala la kijiji, wanaume kwenye mabenchi, akina mama wamekaa kwenye khanga zao upande wa ukuta. Tuliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia kwa midomo tu. Kulwa alisimama peke yake nyuma, mikono kifuani. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaiona ile orodha yangu. Wajumbe waliishika huku na huku, wakaikunjua mbele ya watu, ndefu kuliko ukuta wa ghala, na mihuri ya rangi ya zambarau imepangika juu ya viungo vya kahawia. Nilitaka kusogea niisome, mjumbe mmoja akaniwekea mkono. "Hapo hapo, binti. Karatasi hii haishikwi na watu wa mradi."

Mzee Sabas alikuwa mtu mwenye haki, ndiyo maana alitisha. Alisimama, akaeleza jambo bila kuongeza chumvi, akasema yeye aliunganisha kurasa zote alizopewa, mbele ya mashahidi, na hakukata hata ncha. Akanigeukia, nikaeleza kwamba kwenye kompyuta watu wote wapo, sauti yangu ikitoka ndogo. Kisha akamgeukia Didas. "Bwana shamba, umekula kwetu, umelala kwetu. Tuambie watu wetu uliwaweka wapi." Didas akasimama. "Mwenyekiti, mimi sina maneno mengine. Nilipokea karatasi, nikazileta. Hapo katikati sikufanya kitu." Ndipo Kulwa alipoongea, bila kupaza sauti. "Bwana shamba, ulipokuja kwangu nilikwambia andika jina langu, siyo la mume, yeye yuko na ng'ombe. Ukaniambia vizuri mama, na wewe ni mkulima. Sasa mimi nimekukosea nini?" Didas akainamisha kichwa. Nilijua kwamba ile barua imekwisha kujitoa yenyewe kwenye karatasi.

Hapo mbingu ikapasuka. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba radi ya Sumbawanga hutumwa kwa jina la mpokeaji, na sitakataa kwamba ilipopiga kila mmoja alimtazama jirani yake kwanza. Halafu mvua ya kwanza ya msimu ikatuangukia yote kwa mara moja, matone makubwa ya baridi, na mkutano ukawa mbio. Kina mama walinyakua khanga, mabenchi yakaanguka, na wale wajumbe wenye orodha, kila mmoja akikimbilia mlango wake, wakaivuta huku na huku. Walipofikia baraza la ghala ilikuwa imelowa yote. Uji uliokauka ukarudi kuwa uji. Viungo vikaanza kuachia, kimoja, kingine, kurasa zikateleza moja baada ya nyingine na kudondoka sakafuni, na mihuri ikagawanyika nusu kwa nusu. "Ushahidi!" Mzee Sabas alipiga kelele. "Shikeni ushahidi!" Watu wakapiga magoti kuokota. Mtu mmoja akasema waziwazi kwamba Mungu naye amechukua upande wa mwizi. Didas alisimama akiegemea ukuta, uso umekuwa wa majivu, maana hata kile kilichomshtaki sasa kilikuwa kinayeyuka, na mtu ambaye mashtaka yake yamepotea hawezi kusafishwa tena.

Nami nilikuwa nimepiga magoti kama wengine. Sikuwa natafuta kitu, nilikuwa naokota tu, karatasi yangu niliyoihangaikia. Nikageuza ukurasa mmoja, nikaona mwisho wake kuna ukanda wa kahawia wa uji, upana wa vidole viwili, na ndani ya ule ukanda kuna mstari. Wino wa ile printa haukuogopa maji. Nikausugua uji kwa upindo wa sketi, na mstari ukatoka safi: namba, jina, kitongoji, ekari, mifuko. Sikuelewa. Nikavuta ukurasa mwingine, nikausugua, mstari. Mwingine, mstari. Ndipo nikaelewa, nikakaa chini kwenye maji. Mistari ilikuwa imeshuka mpaka ukingoni kabisa, na Mzee Sabas, ambaye maisha yake yote alipokea karatasi zenye nafasi nyeupe chini, alikuwa ameulaza weupe wa juu wa kila ukurasa juu ya mtu wa mwisho wa ukurasa uliotangulia. Kila kiungo kilikuwa na mtu ndani, akiwa amepigwa mhuri juu ya mgongo. "Wako hapa," nilisema, na hakuna aliyenisikia kwa kelele za bati. Nikapiga yowe. "Wako hapa! Wako chini ya uji!"

Kulwa hakuwa anajua kusoma sana, lakini jina lake alilijua. Alichutama karibu yangu, akapokea ukurasa niliompa, akausogeza karibu na macho. Aliweka kidole juu ya jina lake akakaa hivyo hivyo, maji yakimtiririka kwenye nywele. Kisha akainuka, akapenya katikati ya watu mpaka kwa Didas, akamwonyesha ile karatasi kama vile yeye ndiye aliyekuwa hajui. "Mimi huyu," alimwambia. "Ulikuwa umeniandika." Didas akasema, "Nilikuandika, mama." "Uliniandika," akarudia Kulwa, akaanza kulia, na Didas naye akalia, mwanaume mzima, bila kujifunika. Katekista alijikuta, mjane akajikuta, mwenye duka akajikuta, na kila jina lililosomwa watu walishangilia kama goli. Mzee Sabas alikuwa wa mwisho kusogea. Alichukua ukurasa, akapima kwa vidole vyake viwili nafasi ya juu, akapima ya chini, akavua kofia. "Bwana shamba," alisema, mbele ya wote, "huu ni mkono wangu. Unisamehe." Mke wake akadakia kutoka nyuma, "Na uji ni wangu, usibebe peke yako," na baraza zima likaangua kicheko, hata Didas, kwa ile sauti ya besi ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi. Nilihisi mbavu zangu zikifunguka. Mpaka pale sikuwa najua kwamba nilikuwa napumua nusu nusu.

Orodha mpya iligongwa mhuri pale pale, juu ya gunia, bila uji. Tulirudi Sumbawanga tumelowa mpaka kwenye mifupa, tope mpaka kifuani, na Didas aliimba nyimbo za Krismasi njia nzima ingawa ulikuwa bado mwezi wa kumi na moja. Mama Fortunata alikuwa ofisini, Jumamosi jioni, amekaa na koti mbele ya kompyuta iliyozimwa. Aliusikia wimbo kabla ya pikipiki, nadhani, kwa sababu nilipoingia alikuwa amesimama. Nikamweleza, nikijikanyaga, nikianzia katikati na kurudi mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nje Didas alikuwa anawahadithia watu wa mashine kwa vitendo, na wao wanagonga mapipa. Mama Fortunata akavuta kiti changu, akaniashiria nikae, nikawasha, tukasubiri ile kompyuta ya zamani ikijikokota kuamka. Nikaifungua barua. Akaisoma tena yote, polepole, midomo ikicheza, kama mtu anayeangalia shimo ambalo nusura atumbukie. "Futa," akasema. Nikabonyeza. Kompyuta, kama kawaida yake, ikauliza kama tuna uhakika, kwa kuwa kikishafutwa hakirudi. Nikachelewa kidogo kubonyeza, na Mama Fortunata akainama juu ya bega langu, akaijibu kwa sauti, kana kwamba ile mashine ina masikio: "Tuna uhakika. Tuna uhakika kabisa."